Serikali Ina Mikono ya Baridi

Bibi mmoja kutoka visiwa vya ziwani alilazwa kwenye wodi yetu baada ya kutapika damu karibu nusu beseni. Mwili ulikuwa umekwisha, mashavu yameingia ndani, lakini tumbo lake upande wa kushoto lilijaa kama la mtu aliyeficha papai chini ya kanga. Kichocho cha tumbo. Ukizaliwa kando ya ziwa, ukachota maji humo, ukafua humo na kuoga humo, wale wadudu wanapenya kwenye ngozi na kwenda kukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo miaka na miaka. Ini linakakamaa taratibu, damu inakosa njia, bandama linavimba. La bibi lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa kitovu.

Kwa anayefundisha, mgonjwa wa namna hiyo hapatikani kila wiki. Asubuhi ile nilikuwa na wanafunzi 17 wa udaktari, mwaka wa tatu, makoti yao bado yana mikunjo ya dukani. Nikawapanga kuzunguka kitanda. Wa mbele waliona, wa nyuma walisikia, wa nyuma kabisa waliona migongo ya wenzao. Nikawaonyesha kwamba bandama halitafutwi kwa kubonyeza-bonyeza. Unaanza chini kulia, karibu na nyonga, kiganja kimelala. Unamwambia mgonjwa avute pumzi, unatulia. Akiitoa, unapanda kidogo kuelekea mbavu za kushoto. Ukiwa na subira, bandama lenyewe litakuja kugonga ncha za vidole vyako. Ukiwa na haraka utalipita, na ajabu ni kwamba lile kubwa kuliko yote ndilo linalokosewa kirahisi. Mtu anaanzia juu, mkono wake tayari umekalia bandama, na yeye anaandika kwenye faili kwamba tumbo ni laini, halina kitu.

Akaingia wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bibi alivumilia. Wa tano alikuwa na kucha. Wa saba alibonyeza mpaka bibi akakunja uso. Ilipofika zamu ya wa tisa, msichana mmoja mpole ambaye hata kuomba ruhusa aliomba kwa kunong'ona, bibi akageuza kichwa akaniuliza:

"Daktari, hawa wote ni watoto wako?"

"Hapana, bibi. Ni wa serikali."

Akamtazama yule msichana, kisha akautazama mkono uliokuwa juu ya tumbo lake. "Basi serikali ina mikono ya baridi."

Wodi nzima ilicheka, hata mgonjwa wa kitanda cha nne ambaye alikuwa hajatoa neno siku mbili. Nami nilicheka, halafu nikafunga somo palepale, maana hata kufundisha kuna mwisho wake. Wanafunzi wanane walikuwa hawajagusa. Jioni wakanifuata ofisini na madaftari yao ya mazoezi, yale yenye jedwali la vitu ambavyo ni lazima uvifanye kwa mkono wako kabla ya kuhama idara, kila kimoja na nafasi ya saini ya mwalimu. Kupima bandama lililovimba: saini. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na zamu usiku ule, nao walisimama mlangoni kwa adabu kabisa. Nilisaini yote 17.

Tangu siku ile, kila nikisikia redioni kwamba chuo fulani cha umma kinapanuliwa ili kitoe madaktari wengi zaidi, zinanijia zile saini nane.

Mimi si wa kusema madaktari wametosha. Hospitali ninayofanyia kazi ni ya mkoa, na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani ni mmoja, ndiye huyu anayeandika. Nikiugua mimi, idara imeugua. Nikienda kuzika kwetu, wagonjwa wa moyo na wa figo wanaambiwa warudi Jumatatu. Kwa hiyo anayesema tuongeze madaktari anasema jambo ninaloliombea kila siku. Ninachotaka kujua ni tunapanua nini hasa tunaposema tunapanua chuo.

Mwalimu Nyerere aliwahi kusimulia jinsi alivyowajibu watu wa Benki ya Dunia: Waingereza wametutawala miaka 43, na walipoondoka walituachia wahandisi wawili na madaktari 12. Enzi hizo kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, ambako mafunzo hayo yalianza 1924 chini ya hospitali ya Mulago. Mwaka 1963 tukafungua shule yetu wenyewe Dar es Salaam. Iliwekwa chini ya Wizara ya Afya, na hospitali yake ya kujifunzia ilikuwa ile ya Princess Margaret, iliyofunguliwa 1956, ambayo baada ya uhuru ikachukua jina la Muhimbili. Mwaka 1968 shule ikawa kitivo cha chuo kikuu. Hapo ndipo zilipoanza hekaya za ndoa, kwa sababu tangu siku hiyo chuo na hospitali pale Muhimbili ni kama mume na mke ambao serikali imewaozesha, ikawaachanisha, ikawapatanisha, na majirani hawajui tena leo wanakula chungu kimoja au la.

Mwaka 1976 waliozeshwa rasmi, kitivo na hospitali vikawa kituo kimoja cha tiba. Mwaka 1991 kitivo kikapandishwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2000 wakatenganishwa kwa sheria, hospitali ya taifa huku, chuo kule, ingawa uzio ni mmoja na wagonjwa ni walewale. Mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili, hiki tunachokiita MUHAS.

Mtu wa nje anaweza kuona haya ni mambo ya makaratasi. Sisi tuliomo tunajua uzito wake. Mkurugenzi wa hospitali anataka foleni iishe. Mkuu wa chuo anataka mwanafunzi akae na mgonjwa mpaka aelewe. Raundi ya saa moja ya daktari peke yake inakuwa ya saa tatu akiwa na wanafunzi, na hizo saa mbili za nyongeza lazima mtu azilipie: aidha mgonjwa aliyeko kwenye benchi nje, au daktari mwenyewe kwa kutokula mchana. Chuo na hospitali vikiwa na bosi mmoja, angalau anaupima mzigo wote kwenye mzani mmoja. Vikiwa na mabosi wawili, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye ameubeba.

Mloganzila ni mfano ulio wazi. Chuo kilipata ardhi kubwa kule nje ya jiji, ekari zipatazo 3,800, kikapanga kuhamia na kukua. Kwa mkopo wa Korea ya Kusini ikajengwa hospitali ya kufundishia yenye vitanda 571, Rais Magufuli akaizindua Novemba 2017, na ilikuwa ya chuo. Nilifika pale siku za mwanzo kumtembelea rafiki yangu, nikatembea kwenye korido ndefu zinazong'aa mpaka nikaona aibu ya viatu vyangu. Haukupita hata mwaka mzima, Oktoba 2018, hospitali ikakabidhiwa kwa Hospitali ya Taifa Muhimbili iiendeshe. Mtoto akapelekwa kulelewa kwa baba. Sina ugomvi na uamuzi ule. Jengo unalijenga mara moja, lakini hospitali inakula kila siku: oksijeni, damu, dawa, umeme, dizeli ya jenereta, mishahara, sabuni. Chuo kinachoishi kwa ada na ruzuku hakina mfuko wa kulisha mdomo wa namna hiyo. Ila kilichokuwa kimekusudiwa, chuo kuwa na vitanda vyake chenyewe, kiliishia hapo.

Na vitanda ndivyo kiini cha habari yote. Unaweza kuongeza viti kwenye ukumbi wa mihadhara kutoka 100 hadi 400 kwa likizo moja. Mafundi wanapiga ngazi, unafunga spika, unatundika projekta. Kitanda chenye mgonjwa anayefaa kufundishia, aliyekubali kufundishiwa, na mwalimu aliyesimama pembeni yake mwenye muda, hicho hakiji kwa tenda.

Niseme kidogo ya kwangu. Niliingia chuo cha umma mwaka 2009, jina lake nitalimeza. Mwaka wa kwanza, kwenye anatomia, tulikuwa kumi kwa maiti mmoja. Kundi letu likapewa upande wa kushoto. Nakumbuka ile harufu ya formalini iliyokuwa inakaa kwenye vidole mpaka wakati wa kula, nikawa nakula wali kwa kijiko kama mgeni. Mpaka leo neva za mkono wa kushoto nazijua kama njia ya kwetu; za kulia nazikadiria. Najua mikono inafanana, usinicheke. Walionifuata mwaka mmoja nyuma waliongezwa karibu maradufu, maiti hawakuongezwa, na wengi wao walijifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya wenzao halafu wakamalizia kwenye picha. Mwalimu wetu wa somo lile alikuwa mzee mmoja aliyekuwa anafundisha vyuo viwili. Akishuka kwenye daladala hapa, kule wanamsubiri. Tulikuwa tunamtania kwamba siku akistaafu, anatomia nayo itastaafu.

Sikutania sana. Anatomia, fisiolojia, patholojia, haya masomo ya msingi ndiyo yenye njaa kubwa ya walimu, na sababu si siri. Daktari anayechagua watoto au upasuaji ana kliniki yake, ana zahanati ya jioni, ana kitu cha kuongezea mshahara. Anayechagua kufundisha anatomia ana chaki. Vijana wanaona, wanachagua. Kwa hiyo chuo kinapotangaza kwamba udahili wa udaktari umeongezwa, swali la kwanza ninaloliuliza ni nani atawafundisha hawa mwaka wa kwanza, na yuko kwenye basi gani saa hizi.

Sasa kuna Kigoma. MUHAS inajenga kampasi kule, kupitia mradi wa elimu ya juu unaoitwa HEET, ambao Benki ya Dunia iliupa mkopo wa dola milioni 425 mwaka 2021 kwa ajili ya vyuo vya umma nchi nzima. Mimi hapo napiga makofi, na sipigi kwa ustaarabu tu. Kigoma ina watu karibu milioni 2.5 kwa sensa ya 2022. Reli imefika kule tangu 1914, na bado mgonjwa wa Kasulu anayehitaji bingwa bobezi hulazimika kuuza ng'ombe ili aende Bugando, Mwanza, au Muhimbili. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nayo iko kulekule Kasulu, na malaria, kifua kikuu na uzazi havisubiri mkutano wa wafadhili.

Kuna jambo ambalo watu wa mipango hulisema kwa maneno marefu na bibi zetu walilijua: mtu hukaa pale alipozoea. Kijana aliyesomea Dar miaka mitano amepata marafiki Dar, mchumba Dar, kiwanja cha mkopo Kibaha. Umpangie Buhigwe, ataripoti, atachukua hela ya kujikimu, na baada ya miezi sita atakuwa na barua ya uhamisho kumfuata mwenza. Anayesomea Kigoma ana nafasi nzuri ya kuoa Kigoma, kuolewa Kigoma, kuupenda mgebuka na mawese na kuona Dar ni mahali pa kwenda kufanya semina. Wajapani walilifanyia kazi jambo hili mapema. Mwaka 1972 mikoa yao yote iliungana kuanzisha chuo cha udaktari cha Jichi: kila mkoa unapeleka vijana wake, wanalipiwa ada, halafu wanarudi kutumikia mkoa wao miaka tisa. Sisi ahadi za namna hiyo tunazipenda mdomoni. Kinachotushinda ni ule mwaka wa tatu wa utumishi, pale nyumba ya daktari inapovuja na hakuna anayepokea simu.

Lakini nauliza tena swali langu. Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Kigoma mjini, ndiyo itakayobeba wanafunzi watakapofika mwaka wa tatu, yenyewe na hospitali za wilaya zinazoizunguka. Nani atasimama pembeni ya kitanda? Bingwa ana mke anayefanya kazi benki Dar, ana watoto wawili wako shule wanayoizoea, ana mkopo. Kumleta Kigoma kunahitaji nyumba, shule nzuri karibu, kazi ya mwenza na kitu juu ya mshahara. Vitu hivyo haviingii kwenye michoro ya mkandarasi, wala hakuna anayealikwa kukata utepe wa kazi ya mke wa daktari.

Hesabu ya miaka nayo inatisha ukiifanya kwa vidole. Anayeanza udaktari Oktoba 2025 atamaliza 2030. Mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo, 2031. Tuseme ameajiriwa haraka, jambo ambalo nitalirudia, akafanya kazi miaka miwili, akarudi shule kuwa bingwa kwa miaka mitatu au minne: tunaongelea 2036, 2037. Kwa hiyo walimu wa kampasi zinazofunguliwa leo walitakiwa kupelekwa shule miaka kumi iliyopita. Hatukuwapeleka kwa idadi hiyo. Ndiyo maana tunaowafundisha hawa vijana ni sisi wa hospitali za mikoa, ambao kwenye barua zetu za ajira hakuna mahali pameandikwa kufundisha.

Hili ndilo linaloniuma, na nitalikalia kidogo. Chuo kiko chini ya Wizara ya Elimu. Hospitali ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya. Hospitali ya wilaya na kituo cha afya viko TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kibali cha ajira kinatoka Utumishi, na pesa ya kibali inatoka Hazina. Daktari mmoja, tangu aingie darasani mpaka aandike dawa yake ya kwanza kama mtumishi, anapita kwenye mikono ya ofisi tano, na kila moja ina bajeti yake na mwaka wake mbaya. Ile ya kwanza ikifungua bomba, hakuna anayezilazimisha zile nne kuongeza ndoo.

Mimi nimekaa kwenye hilo bomba. Nilimaliza mafunzo ya vitendo mwishoni mwa 2015 nikiwa na cheti, stethoskopu na deni la bodi ya mikopo. Mwaka 2016 ajira serikalini zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa ameshawaambia kina mama wenzake wa kanisani kwamba mwanawe ni daktari, ikawa kila jioni anakuja mtu na presha au na mtoto anayeharisha, nami nawapima sebuleni chini ya picha ya marehemu baba, bila dawa hata moja ya kuwapa. Mchana nilikuwa nashika zahanati ya mtu mtaani kwa posho ya siku. Siku wagonjwa wakiwa wachache, posho nayo inakuwa "tutaongea kesho."

Machi 2017 madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100. Ujumbe wa serikali ya Kenya ulikuja Dar, na Rais Magufuli akakubali kuwapelekea madaktari 500 wa Kitanzania. Tafadhali isome tena sentensi hiyo. Nchi inayolia haina madaktari ilikuwa na 500 wa kuazimisha, kwa sababu tulikuwa mitaani. Niliomba. Tuliomba wote, mimi na mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja chuoni, tukaanza hata kufanya mazoezi ya kuongea Kiswahili cha Nairobi, "sasa, daktari, form ni gani?", tukicheka wenyewe. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, mahakama ikazuia. Aprili, Rais akaagiza wale 258 waliokuwa wamekidhi vigezo waajiriwe hapahapa nyumbani. Jina la mwenzangu lilikuwamo. Langu halikuwamo. Nilimpigia kumpongeza na kwa mara ya kwanza maishani nikajifanya mtandao unasumbua. Niliajiriwa 2018.

Wenzetu wa Kenya nao yamewakuta ya aina hiyohiyo kwa upande mwingine. Mgomo wao wa 2024, ule wa siku 56 kuanzia katikati ya Machi, ulihusu kwa kiasi kikubwa wahitimu wa udaktari: kupangiwa vituo vya mafunzo ya vitendo, na kiasi gani walipwe wakiwa huko. Vyuo vilikuwa vimewatoa. Mlango uliofuata ulikuwa na kufuli.

Nilipoajiriwa nilipangwa wilaya moja ya mbali, na huko ndiko nilikojifunza kitu ambacho sijakisikia kikitajwa kwenye mikutano ya kupanua vyuo. Aliyenifundisha kumpasua mama na kumtoa mtoto salama, kwa utulivu, kwa taa iliyokuwa inapepesa, alikuwa daktari msaidizi, mtu aliyeanza kama tabibu, ngazi iliyo chini ya daktari, akaongezewa masomo ya miaka miwili. Kwenye karatasi nilikuwa bosi wake. Usiku wa kwanza alinitazama nikifunga fundo, akasubiri, halafu akasema, "Daktari, naomba tulifungue hilo, tulifunge tena." Tulifungue. Hakusema umekosea. Alikuwa amefanya upasuaji ule mara nyingi kuliko idadi ya wagonjwa wote niliowahi kuwagusa. Miezi mitano na yeye ilinifaa kuliko mihadhara ya mwaka mzima, na hakuna chuo kilichomlipa senti moja kwa kunifundisha, wala cheti hakupewa.

Watu kama yule wako kila wilaya. Ningekuwa na sauti, ningechukua sehemu ya fedha za ukumbi mmoja wa mihadhara na kuwatafuta, niwape jina la ualimu, posho ya ualimu, na wanafunzi wanne tu kila mmoja. Wanne, si 17. Wanafunzi waende kwa wagonjwa walipo, wasirundikwe kwenye wodi tatu za mjini mpaka bibi wa watu agawiwe kama keki ya harusi. Kwetu sasa nimeanza hivyo bila kuomba ruhusa. Nawagawa vikundi, kimoja kinakuja alfajiri, kingine baada ya saa za kuona wagonjwa, na kikundi cha tatu nakipeleka zahanati iliyo jirani kwa tabibu mmoja mzoefu anayejua vipele vyote vya ukanda huu. Mke wangu anasema nimeolewa na wodi. Saini nazo nimekuwa mchoyo. Wanafunzi wamenipa jina, nalijua, silitaji.

Wale wanane wa siku ile sikuweza kuwarudisha wote. Walikuwa wamehamia idara nyingine. Ila yule msichana wa mikono ya baridi, ambaye saini yake ilikuwa halali kwa sababu alishagusa, alirudi siku ya pili jioni kwa hiari yake. Nilikuwa naandika faili upande wa pili wa pazia. Alikuwa na kikombe cha plastiki cha chai ya rangi, amekizungushia viganja vyote viwili, hakinywi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si yule wa serikali?"

"Ndiyo mimi. Naomba nijaribu tena, kama hujachoka."

Kimya kidogo. Nikasikia kitanda kinalia. Halafu sauti ya bibi: "Huko siko. Shuka. Shuka tena. Hapo tulia, nivute pumzi." Alikuwa amemshika mkono na kumwongoza mwenyewe. Ameishi na bandama lile miaka mingi, anazijua kingo zake kama mtu anavyojua shamba lake. Sikuinuka. Siku ya tatu tulimpa rufaa ya kwenda kufungwa mishipa iliyopasuka kooni, ile iliyomtapisha damu, na sijapata habari zake.

Wiki iliyopita imekuja barua kutoka chuoni. Awamu ijayo wataletwa wanafunzi 26, maana udahili umeongezeka. Wodi ina vitanda 34, na msimu huu wa mvua kuna siku tunalaza wawiliwawili. Nilimpelekea inchaji wa wodi barua aisome. Aliisoma mpaka mwisho, akageuza upande wa nyuma kuona kama kuna kingine kilichoandikwa, akanirudishia. Kisha akachukua kitabu cha mahitaji akaandika maboksi kumi ya glavu. Stoo wameleta manne.